UZI: Sheria Mlimani, kutoka darasa la watu 14 mwaka 1961 mpaka "26 kati ya 633", hivi tunapima nini hasa?

Wakili_KasoroBahari (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie, upo kichwani kwangu tangu Jumapili.

Mdogo wangu kamaliza form six, HKL, matokeo mazuri tu, na anataka sheria. Tukakaa kikao cha familia. Baba mdogo akasema sheria siku hizi ni kuchoma hela, hamkuona wale 26 tu waliofaulu Law School kati ya 633? Shangazi akasema hapana, mtoto aende Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), majaji wote wametoka pale. Mtoto mwenyewe kakaa kimya anachora chora mkeka kwa kidole. Mimi ndo mwanasheria wa ukoo na nimesoma hapo hapo Mlimani, wakanigeukia, nikashindwa kuwajibu vizuri kwa sababu niliona wote wawili wanapima kwa kipimo ambacho sicho. Nikaomba siku chache. Basi naandika hapa kwanza, mnisahihishe, alafu nikawajibu nyumbani.

Tuanze na mwanzo maana wengi hawaujui. Sheria ndo ilikuwa chuo chenyewe. Kabla hakujawa na uhandisi wala ualimu wala kozi nyingine yoyote pale, kulikuwa na sheria peke yake. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya uhuru, wanafunzi 14 walianza masomo kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na digrii yenyewe ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Huko mlimani walihamia 1964. Sasa jiulize kwanini nchi ambayo haina madaktari, haina mainjinia, ianze na sheria? Kwa sababu mkoloni alikuwa hapendi kabisa Mwafrika asome sheria, alishaona India watu waliosoma sheria ndo waliorudi kumdai nchi. Kwa hiyo Tanganyika inafika mlangoni mwa uhuru na Waafrika wenye sheria unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Serikali mpya itaandikiwa sheria na nani, itashtakiwa na nani, nani atakaa mahakamani? Na mwezi Januari mwaka huo huo kamati ya Lord Denning kule Uingereza ilishasema mafunzo ya London hayamtoshi mtu anayekwenda kufanya kazi Afrika, mtu anajifunza sheria ya ardhi ya Waingereza alafu anarudi kukutana na shamba la ukoo.

Na hakikuwa kitivo cha Watanganyika tu. Ile Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki ya 1963 mpaka 1970 iligawana kazi, Makerere udaktari, Nairobi uhandisi, Dar sheria. Mpaka Makerere walipofungua sheria yao 1968 na Nairobi 1970, Mganda na Mkenya aliyetaka kusomea sheria hapa Afrika Mashariki alipanda basi kuja Dar.

Ndo maana orodha ya waliopita pale inavuka mipaka. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya 2011 mpaka 2016, Mlimani. Amos Wako aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya miaka 20, Mlimani. Benjamin Odoki, Jaji Mkuu wa Uganda, Mlimani. Kwetu waliokuwa Majaji Wakuu, Jaji Ramadhani, Jaji Chande, Jaji Ibrahim Juma ambaye alifundisha pale pale. Joseph Warioba kawa Waziri Mkuu na baadae jaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari. Asha-Rose Migiro alisoma pale akafundisha pale mpaka akafika kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 2007 mpaka 2012. Na wale wa darasa za mwanzo kabisa alikuwepo mama Julie Manning, mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria, yeye na Tabitha Siwale ndo wanawake wa kwanza kuingia Baraza la Mawaziri nchi hii.

Kuna kitu kimoja nilikigundua nilipokuwa napanga haya majina, sijawahi kuona mtu anakisema. Angalieni katiba. Tume iliyozaa katiba ya Uganda ya 1995 iliongozwa na Odoki. Tume ya katiba ya Kenya iliyoanza 2000 iliongozwa na Yash Ghai, ambaye alifundisha Dar miaka ya 60 mpaka 1971 na akawa mkuu wa kitivo. Tume yetu ya 2012 iliongozwa na Warioba, na Kabudi, mwalimu wa pale, alikuwa mjumbe. Yaani nchi tatu, tume tatu, na zote mwenyekiti alipita korido moja. Na ile rasimu ya Warioba ilipofika Bunge Maalum 2014 mwenyekiti wa Bunge alikuwa nani? Samuel Sitta, mwanasheria wa Mlimani pia. Wametoka chuo kimoja na wakasimama pande mbili, mmoja akiitetea rasimu, mwingine akiongoza Bunge lililoibadilisha.

Shangazi angesoma mpaka hapa angesema si nilisema. Lakini mimi bado sijafika ninapokwenda. Naendelea post inayofuata, naomba msiniingilie kidogo.

Wakili_KasoroBahari

Naendelea. Baba mdogo na wale 26.

Wengi wanaongea bila kujua tofauti. Shule Kuu ya Sheria ya Mlimani (zamani Kitivo) inakupa digrii, LLB. Law School of Tanzania ni taasisi nyingine kabisa, iliundwa kwa sheria ya 2007 na ikaanza kupokea watu 2008, hiyo ndo unakwenda BAADA ya digrii, ukitoka chuo chochote, ili uweze kuapishwa kuwa wakili. Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya mkupuo mmoja wa Law School, watu 633. Waliofaulu moja kwa moja 26. Waliopata sapu (kurudia mtihani) 342. Waliodisko (kuondolewa masomoni) 265. Nchi ikalipuka, waziri wa wakati huo Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dk Mwakyembe, ambaye naye kafundisha sheria Mlimani.

Kwa hiyo hao 633 ni wa vyuo vyote, vya umma na vya binafsi. Ukimwambia mtoto asiende Mlimani kwa sababu ya namba hiyo utakuwa unampima ng'ombe mmoja kwa uzito wa zizi zima. Na 342 wale hawakufukuzwa, walipewa nafasi ya kurudia. Ila pia sitaki kuipunguza hiyo namba. Ni namba mbaya. Vijana 265 na wazazi wao walilala siku hiyo hawajui kesho.

Sasa kipimo changu. Mwaka 1967 walimu na wanafunzi wa kitivo walianzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria, mtu hana hela ya wakili anakuja anasikilizwa bure. Hakukuwa na mashirika haya tunayoyajua leo, hakukuwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria (hiyo imekuja 2017). Mwaka ule ule ndo wa Azimio la Arusha, na pale chuoni ubishani ulikuwa mkali kweli kwamba sheria unaifundisha kama kitabu kilichoshuka kutoka London au unauliza hii sheria inamfanya nini mkulima. Issa Shivji katoka kwenye ubishani huo, kamaliza 1970, kafundisha pale zaidi ya miaka 30, kaongoza tume ya ardhi ya 1991, na sheria za ardhi za 1999 hata kama hazikufuata yote aliyoshauri huwezi kuzielewa bila ile ripoti.

Kwa hiyo mimi napima hivi. Akija mama na karatasi imekunjwa mara nne, ndugu wa mume wamemtoa kwenye nyumba, huyu uliyempa digrii anaweza kuisoma ile karatasi, kumsikiliza, kumwambia kwa Kiswahili kinachoeleweka yuko wapi kisheria, na kumsimamia? Majina makubwa hayanijibu hilo swali. 26 kati ya 633 inanijibu kidogo. Napenda nisikie kwenu.

Simba_wa_Nzega

Mkuu umeandika vizuri ila naona unakitetea chuo chako. 26 kwa 633 ni asilimia 4. Tungekuwa tunaongelea madaktari ungekubali? Hao watu wana digrii mkononi, chuo kimeshasema wanajua sheria, alafu taasisi ya serikali hiyo hiyo inasema hawajui. Mmoja kati ya hao wawili amekosea na mzazi ndo kalipa wote wawili.

Wakili_KasoroBahari

Mkuu Simba hoja yako ya mwisho naichukua nzima, wala sina la kuipinga. Mmoja kakosea. Mimi ninavyoona kosa linaanzia kwenye kusoma. Kuna ujuzi mmoja ambao ndo sheria yenyewe, kuisoma hukumu kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho ukajua jaji kaamua nini na hakuamua nini. Darasa la watu 14 mwalimu anakuuliza wewe kwa jina, ukiwa hujasoma unaonekana. Darasa la mamia hakuna anayekuona, unachukua desa (muhtasari wa kupitishana) kwa waliotangulia unapita nalo mtihani. Alafu unakwenda Law School unapewa jalada la mteja, andika hati ya madai, andika kiapo, na jalada halina desa.

Mzee_wa_JKT

Nawasalimu vijana. Mimi nilimaliza pale mwanzoni mwa miaka ya 80, nimestaafu utumishi wa Mahakama. Mwanzisha uzi nakupongeza, ila umeruka jambo moja kubwa.

Baada ya Azimio la Musoma la 1974 ulikuwa hutoki form six kwenda chuo kikuu. Unakwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), alafu unafanya kazi miaka miwili, alafu unaomba chuo na mwajiri na chama wakusemee. Watu walilalamika na wengine walipoteza nafasi, ni kweli, na mfumo ulikuja kulegezwa. Lakini fikirieni lile darasa. Kulia kwangu alikaa mtu aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo, kushoto polisi, nyuma mwalimu wa UPE (ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote), mwingine bwana shamba. Mwalimu akifundisha ushahidi yule polisi anainua mkono anasema kituoni hatufanyi hivyo, na hapo somo ndo linaanza. Hatukuwa na akili kuliko nyie, ila tuliingia darasani tukiwa tumeshaona sheria inavyomgusa mtu.

Na kabla yetu kuna wale wa 1966. Tarehe 22 Oktoba waliandamana kwenda kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300 na siku hiyo hiyo akajikata mshahara wake asilimia 20. Huyo Sitta uliyemtaja alikuwa kati ya waliofukuzwa, akarudishwa baadae akamaliza. Kwa hiyo pale wanafunzi walijua tangu mapema kusimama mbele ya mamlaka kuna gharama yake.

Wakili_KasoroBahari

Shikamoo mzee wangu. Hili la darasa la watu waliotoka kazini sikulifikiria na umelisema kwa namna ambayo naiona kabisa. Asante sana.

Wa_Parklands

Hamjambo ndugu zangu, mimi ni wakili Nairobi. Kwetu huku mambo yanafanana sana na hayo. Kenya School of Law imekuwepo tangu 1963 na malalamiko ya mtihani wa uwakili ni yale yale, kila mwaka vyuo vinalaumu mtihani na mtihani unalaumu vyuo. Wazee wetu waliosoma Dar huwa wanasimulia kile kipindi kama watu waliokula chungu kimoja. Nadhani kilichotufaa ni kwamba Mkenya, Mganda na Mtanzania walisoma sheria za nchi zote tatu meza moja, wakajua tatizo la kwao si la kwao peke yao. Siku hizi wakili wa Nairobi na wakili wa Dar tunakutana Arusha kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki tu, na hata hapo tunakutana tukiwa wapinzani.

Msuli_Yombo

Wakuu naomba na mimi niseme, niko mwaka wa pili Mlimani sheria. Mnatusema sana kuhusu madesa ila hamsemi kwanini. Semista moja una masomo mengi, kila somo lina orodha ya kesi za kusoma ndefu mpaka unachoka kuihesabu, kesi ni ya Kiingereza cha majaji, mimi nimesoma shule ya kata, Kiingereza nilianza kukielewa form three. Kesi moja inanichukua usiku mzima na kamusi. Mwenzangu katoka shule nzuri anaisoma saa moja. Sasa nikisoma kesi mbili kwa wiki na desa kwa zilizobaki nimekosea wapi? Sio uvivu. Tunakesha. Boom (hela ya mkopo ya kujikimu) likichelewa tunakesha na njaa.

Wakili_KasoroBahari

Mdogo wangu samahani kama niliandika kana kwamba ni uvivu. Sio. Na mimi nimetoka shule ya kata, lile giza la ukurasa wa kwanza wa hukumu nalijua, neno la kwanza hulijui, la pili hulijui, unajiona umekosea kozi.

Ila nisikilize. Desa lako limeandika nini kuhusu Holaria Pastory?

Msuli_Yombo

Ephrahim v Pastory. "Wanawake wana haki ya kuuza ardhi ya ukoo, sheria ya mila yenye ubaguzi ni batili." Mstari mmoja na nusu.

Wakili_KasoroBahari

Sasa hebu nikuonyeshe huo mstari umeacha nini, na wengine mnaosoma mvumilie maana hapa ndo ulipo uzi wangu wote.

Ni Bukoba. Holaria karithi shamba la ukoo kwa baba yake, kwa wosia. Kazeeka, hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 kaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu mpwa wake Bernardo kafungua kesi mahakama ya mwanzo ya Rwamishenye, anasema kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye, bibi arudishe hela. Mahakama ya wilaya ikageuza. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya, 1990.

Angalia tarehe. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu 1984 lakini serikali ikajipa miaka mitatu tangu zianze kutumika Machi 1985 kabla mtu hajaweza kwenda nazo mahakamani, dirisha likafunguka Machi 1988. Holaria kauza Agosti. Miezi mitano! Angeuza mwaka mmoja kabla, hukumu ingeweza kuwa nyingine. Desa halikwambii hilo.

Alafu mwisho wa hukumu. Watu wanadhani jaji alisema bibi kashinda nendeni nyumbani. Hapana. Alisema mwanamke awe sawa na mwanaume, na mwanaume akiuza shamba la ukoo bila ridhaa ya ukoo, ndugu wanaruhusiwa kulikomboa kwa kurudisha bei. Kwa hiyo akampa Bernardo miezi sita alipe zile 300,000 achukue shamba, akishindwa linabaki kwa aliyenunua. Usawa ulikuja na mzigo wake. Wakili anayejua mstari mmoja na nusu atamwambia mteja uza tu dada, mahakama imesema, na baada ya miezi minne ndugu anakuja na hela mkononi anataka shamba.

Na la mwisho. Mimi niko Morogoro. Zile kanuni za mila za 1963 zilizopigwa kwenye hukumu ile ziliandikwa kwa makabila yanayofuata upande wa baba. Uluguru ukoo unafuata mama. Kuna mzee mmoja (namba na jina siwezi kutaja) alikuja ofisini, yeye ndo mwanaume anayelalamika kwamba dada zake wana sauti kwenye shamba kuliko yeye. Ningekuwa na desa tu ningemfungulia kesi isiyo na miguu. Kwa sababu niliisoma ile hukumu nzima, nilijua jaji alikuwa anaongelea kanuni gani na ya nani, nikajua pa kuanzia kuuliza.

Kwa hiyo Msuli, kesi mbili kwa wiki ukizisoma hivyo, na kamusi, sio kidogo hata kidogo. Zichague vizuri tu. Soma Pastory. Soma Mtikila ya mgombea binafsi, ya Jaji Lugakingira. Soma Ndyanabo ya 2002, ile ya shilingi milioni tano za kuweka kabla ya kufungua kesi ya uchaguzi, ambayo Mahakama ya Rufani ilisema mlango wa mahakama haufungwi kwa umaskini. Hizo tatu zikikukaa, zinazobaki utaona zinafanana nazo kwa namna yake.

Karani_wa_Mahakama

Naomba niongeze kutoka upande wangu, mimi nipo masijala mahakama ya wilaya moja kanda ya ziwa. Tangu ile sheria ya 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya sheria, tunaona vitu. Mawakili vijana wazuri kabisa, wamefaulu, wakiambiwa wamweleze mteja hapo korido kwa Kiswahili wanakwama. Wanasema "kuna preliminary objection imekuwa sustained" na mama wa watu anauliza kwa hiyo nimeshinda au nimeshindwa? Juzi nilimuona mama kasimama pale na karatasi, wakili kashaondoka, kanifuata mimi dirishani nimsomee. Nikamwambia mama kesi haijasikilizwa kabisa, wamesema iliwasilishwa vibaya, unaweza kuirekebisha uilete tena. Akakaa chini. Alidhani nyumba imekwenda.

Chuoni wanafundishwa Kiingereza, mtihani Kiingereza, Law School Kiingereza, kazi Kiswahili. Hilo naona ni kubwa kuliko GPA.

Mzee_wa_JKT

Binti yangu umesema kweli. Na lipo tangu zamani, mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili siku zote na huko ndiko wananchi wengi wanakoishia, sisi wenye digrii ndo tulikuwa hatuendi. Unakumbuka Jaji Galeba alivyoandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Musoma, ikawa habari ya taifa mpaka Rais Magufuli akaisema siku ya sheria Dodoma. Mwaka 2021! Miaka 60 baada ya darasa la Lumumba hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili ikawa ajabu.

Simba_wa_Nzega

Haya nimekaa nimesoma yote. Niseme ukweli, mwanangu ni mmoja wa wale wa sapu, sikutaka kusema mwanzo. Alirudia akapita, sasa anasubiri kuapishwa. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote ya chuo hakuna siku alirudi nyumbani akanisimulia kesi. Anasimulia lekchara, mtihani, hosteli. Kesi hapana. Leo nimesoma hii ya bibi wa Bukoba hapa kwenye simu nikamuita mke wangu nimsimulie.

Wakili_KasoroBahari

Mkuu pole, na hongera kwa kijana. Akishaapishwa mwambie anitafute inbox kama anataka kukaa ofisi ya mtu kujifunza jalada, sina hela nyingi ya kumlipa ila majalada ya ardhi na mirathi yapo na tutayasoma pamoja.

Mama_Wawili

Samahani naomba kuuliza tu, kwa hiyo mdogo wako mmemwambia nini?

Wakili_KasoroBahari

Mama Wawili, nilirudi jana. Sikumwambia aende au asiende. Nilimpa ile hukumu ya Pastory imeprintiwa na kamusi, nikamwambia soma wiki hii nzima, ukiona unaichukia niambie tutafute kozi nyingine bila ugomvi. Baba mdogo kasema huo ni ushamba, mtoto hajaingia hata chuo. Shangazi yeye kataka asomewe na yeye, kwa Kiswahili, kwa hiyo jioni tulikaa barazani namtafsiria, tukafika pale bibi anauza shamba shangazi akasema huyo mpwa alikuwa wapi bibi alipokuwa anaumwa? Nikamwambia shangazi hilo swali hata wakili anaweza kuliuliza mahakamani.

Msuli_Yombo

Kaka nimerudi. Nimeisoma yote, siku tatu. Kuna kitu sijaelewa. Jaji anasema mwanamke na mwanaume sawa kuuza, na ukoo unaweza kukomboa ndani ya miezi sita. Je na Holaria mwenyewe kama mwanamke wa ukoo, siku mpwa wake akiuza shamba lingine la ukoo, anaweza yeye kwenda kulikomboa? Kwenye darasa la kesho nataka kuuliza ila naogopa niko sehemu ya nyuma sana.

Wakili_KasoroBahari

Nenda mapema ukae mbele. Ukiuliza hilo swali, uliza kama ulivyoliandika hapa, usibadilishe neno.